Masaa Matatu Yaliyopotea Hewani

Redio yetu ni ndogo. Ukiwa Olympic, hapo Kibera iliko stesheni, unaisikia vizuri hata kwa simu ya kubonyeza, lakini ukifika kwetu Kabiro, upande wa Kawangware, inaanza kukwaruza, na baba yangu huizaba redio yake kofi ndipo inyooke. Nilikuwa nikienda pale stesheni kila Jumamosi kuziangalia kompyuta zao, kazi ya kujitolea. Riziki yangu ya kila siku ni kuandika programu za kompyuta. Pale walidhani najua kutengeneza chochote chenye waya, na nimewahi kuitwa mbio mbio kwa sababu ya birika la chai.

Watu hawakuisikiliza redio ile kwa ajili ya muziki, ingawa meneja hakupenda kuambiwa hivyo. Walisikiliza matangazo ya vifo. Kibera imejaa watu waliotoka mbali, wengi wao kutoka kando ya ziwa, na mtu akifariki hazikwi hapa, anarudishwa kwao. Kwa hivyo kwaheri ya majirani ni moja tu. Gari lenye jeneza linapitishwa mtaani, watu wanakusanyika, wanaomba na kuimba, kisha safari ndefu inaanza. Jeneza likipita mbele ya watu wachache, hiyo ni aibu ambayo familia haiisahau. Ndiyo maana saa ya gari kupita hutangazwa redioni asubuhi ya siku yenyewe.

Aliyeyaandika matangazo hayo alikuwa karani mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, mpangaji katika kijiji cha Raila, humohumo Kibera. Mimi nilimwita Auntie. Watu walikuja dirishani pake macho yamevimba, naye aliwasikiliza hadi mwisho kabla ya kugusa kibodi. Aliingiza saa kwa tarakimu kama kompyuta inavyotaka, kumi na nne kamili, na programu yenyewe iliigeuza kuwa saa nane mchana kwenye skrini ya studio, ili mtangazaji asome bila kupiga hesabu. Programu hiyo iliandikwa na wanafunzi fulani wa kujitolea waliokuja, wakapiga picha nyingi, wakarudi makwao.

Basi akafariki fundi mmoja wa mawe wa pale Raila. Mke wake na karani walikuwa marafiki wa kuazimana chumvi. Karani alilipokea tangazo yeye mwenyewe, akaandika kwamba jeneza litapita uwanja wa kanisa saa nane mchana. Gari lilifika saa nane kweli. Uwanjani kulikuwa na mchungaji, karani, na akina mama wachache wa kikundi cha maombi. Mafundi waliofanya kazi na marehemu, watu aliopanda nao majukwaa ya ujenzi miaka nenda miaka rudi, hawakuwapo. Mjane alishuka garini, akatazama kulia na kushoto, akauliza kama wamefika mahali penyewe.

Aliporudi kutoka kuzika, majirani walimjia na maneno ya kushangaza. Walisema walikuja. Redio ilitangaza saa tano, wakaja saa tano, wakakuta uwanja mtupu. Walipiga simu, hazikushikwa, kwa sababu familia yote ilikuwa kwenye chumba cha maiti ikihangaika na vibali. Wengi wao ni vibarua, na ruhusa waliyoipata kwa msimamizi ilikuwa fupi. Walisubiri, wakadhani safari imeahirishwa, wakarudi kazini.

Mjane akamwuliza karani. Karani akaapa kwamba aliandika saa nane. Wakaenda stesheni pamoja, wakalifungua tangazo, na kweli lilisema saa nane. Mtangazaji naye aliapa kwamba alisoma kilichokuwa kwenye skrini, ila hakukumbuka kilikuwa nini, maana asubuhi moja husoma vifo vingi. Mjane akapiga hesabu ya mtu mwenye uchungu. Ama rafiki yake anadanganya, ama mtaa mzima unadanganya. Akachagua kumwamini rafiki yake. Akaamua kwamba majirani hawakuja, kwamba hiyo saa tano ni kisingizio walichopatana, na kwamba mume wake aliishi miaka yote ile kati ya watu wasiomjali. Akaanza kuwafungia mlango. Akatoa notisi ya nyumba: mwisho wa mwezi angewachukua watoto na kurudi kwao, asikanyage Raila tena.

Haya yote niliyajua Jumamosi moja, karani aliponishika mkono kabla hata sijaweka mkoba chini.

“Nyathina,” aliniita, neno la kwao la kumwita mtoto wake, “tafuta mahali hiyo saa ilipotelea. Kama ni mimi, sema ni mimi.”

“Auntie, wewe hukukosea. Tangazo liko sawa.”

“Hapo ndio shida iko. Kama mimi niko sawa, basi Raila yote ni waongo. Huyu mama anaenda nyumbani akijua hakuna mtu alipenda bwana yake. Afadhali anichukie mimi peke yangu kuliko achukie watu wote.”

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema ningezaliwa pilipili kama Mungu hangebadilisha mawazo. Nilimwendea meneja nikiwa tayari nimepandwa na mori. Alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, lakini alipenda mambo yaishe.

“Niaje, injinia,” alisema. “Hiyo story ya marehemu? Hiyo imeisha. Ni ile kitu ya kawaida tu, huyo mathe wa dirishani alichanganya masaa ya Kizungu na ya Kiswahili. Alikuwa na huzuni, akaandika vibaya, akarekebisha baadaye. Tunamtoa tu kwa dirisha kidogo, tunamweka kwa ofisi nyingine.”

“Amekwambia alirekebisha?”

“Si lazima aseme.”

Niliondoka kabla sijasema la kujutia. Kwetu kila kosa la saa lina mshtakiwa mmoja. Saa ya kompyuta na saa ya mdomo hupishana kwa sita, na hakuna mtu mzima Nairobi ambaye hajawahi kuchanganya. Mtu akikosea tunacheka, tunasema amesahau kutoa sita, kesi inafungwa. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitazama programu. Walimtazama mama wa watu.

Nilirudi Kabiro maneno yale yakinikera kama mwiba wa samaki. Nilikuwa naosha vyombo nilipoyapigia hesabu kwa utulivu. Anayesahau kutoa sita hukosea kwa sita. Kutoka nane hadi tano ni masaa matatu. Sijawahi kumwona mtu anayekosea kwa matatu. Lakini mashine hukosea kwa matatu, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti ya Nairobi na Greenwich, na kompyuta zikizungumza zenyewe kwa zenyewe hutumia saa ya Greenwich. Niliiacha sufuria na povu lake, nikakimbilia laptopu.

Baba alikuwa sebuleni. Yeye ni mwenye ploti pale Kabiro, ana wapangaji wengi, na angependa niwasimamie hao badala ya kukodolea skrini.

“Kuna moto?” aliuliza.

“Kuna mashine imedanganya watu huko Kibera, Baba.”

“Ni yako?”

“Hapana.”

“Basi?”

Nilimwambia nitalitafuta kosa lile hadi nilipate, liwe langu lisiwe langu. Akaguna, akaizaba redio yake kofi.

Programu ile hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Sisi waandishi tunaziita nyuzi. Uzi mmoja huandika tangazo kwenye skrini ya studio. Mwingine, papo hapo, hutuma nakala kwenye tovuti ya redio, ambako saa zote huandikwa kwa Greenwich. Mwingine hucheza muziki. Hakuna uzi unaopiga hesabu ya saa wenyewe. Kila mmoja huuomba mfumo wa kompyuta, uwe Linux au Windows, kupitia maktaba ya kazi zilizokwisha andikwa: nigeuzie hii iwe saa ya Nairobi, nigeuzie hii iwe ya Greenwich.

Mtego uko hapo, na ni mtego wa zamani. Kwenye Linux, ukiiomba maktaba kwa njia ya kizamani, haikupi jibu mkononi. Inaliandika kwenye ubao mmoja, kisha inakuonyesha ubao ulipo ukajisomee. Ubao ni huohuo kwa nyuzi zote, na ni huohuo kwa Nairobi na kwa Greenwich. Ukiwa peke yako hakuna neno. Lakini uzi wa skrini ukishaandikiwa nane, na kabla haujasoma uzi wa tovuti nao ukaomba, ubao unafutwa na kuandikwa upya. Uzi wa skrini unasoma tano, haujui lolote, unampa mtangazaji. Ukilifungua tangazo lilelile baadaye unakuta nane, kwa sababu kilichohifadhiwa hakikuguswa kamwe.

Nilifurahi sana nilipoelewa. Nilifurahi mapema mno. Niliiendesha programu kwenye laptopu yangu nikalifungua tangazo la fundi tena na tena, na kila mara likasema nane. Nikaandika kijiprogramu cha kulifungua mfululizo, bila kupumzika, nyuzi zikigombana kwa makusudi. Nane tu. Laptopu yangu ni ya Windows, na Windows, kwa jambo hili, huupa kila uzi ubao wake bila kuombwa. Kosa lile halikuwapo kwangu na halingekuwapo hata ningekaa mwaka. Sasa nikaelewa kwa nini wale wanafunzi hawakuliona. Nadhani nao waliijaribu kwenye mashine kama yangu, wakasema inafanya kazi, wakapanda ndege. Maneno “kwangu inafanya kazi” huwa yananitia kichaa hata siku za kawaida.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda stesheni siku ya wiki. Mashine ya studio ni ya Linux. Niliketi kwenye kona, vidole vya meneja vikigonga meza nyuma yangu kwa sababu nilikuwa nimekalia kiti cha mgeni wa kipindi. Nikaendesha kile kijiprogramu. Safu ya nane ikaanza kushuka kwenye skrini, nane, nane, nane, mpaka macho yakaanza kuniuma. Kisha tano. Kisha nane tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipiga ukelele. Mtangazaji alinionya kwa mkono kupitia kioo, alikuwa hewani. Karani akaja mbio kutoka dirishani pake, akainama, akaiona ile tano katikati ya wenzake. Aliweka kiganja mdomoni. Mimi sikumwangalia usoni kwa sababu ningelia.

Meneja alikuwa muungwana, aliomba msamaha palepale. Lakini bado alitaka mambo yaishe.

“Sasa si tuweke tu Windows kwa hii ya studio tumalize?”

“Na siku mtu akiitoa?”

“Nani ataitoa?”

“Mwingine kama wewe, mwenye haraka.”

Alicheka. Mimi sikuwa nacheka. Laptopu wanayobeba kwenye matangazo ya nje ni ya Windows, ya studio ni Linux, na hakuna ajuaye watakayopewa kesho itakuwa ya nini. Nilitaka programu moja itakayosema kweli popote itakapowekwa. Isitoshe, nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa yule mjane, na sikutaka kumwambia kwamba tumekimbia tatizo. Nilitaka kumwambia tumelikamata.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ni kufuli. Katika programu unaweza kuweka kufuli kwenye jambo, kwamba uzi mmoja ukiingia, mwingine usubiri nje mpaka wa kwanza utoke. Nikaweka kufuli pale nyuzi zinapoomba saa. Nikaendesha jaribio. Tano ikapotea kabisa, nikaagiza chapati kusherehekea. Chapati haijafika, skrini ikaandika kwamba jeneza la fundi litapita saa nne na dakika kadhaa. Nikaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa ndiyo saa ileile, wakati uleule tuliokuwamo. Kosa lilikuwa limebadilisha sura tu.

Nilitumia sehemu nzuri ya siku hiyo kumtafuta mhalifu wa pili. Alikuwa ndani ya maktaba ya kuchezea muziki, iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Kila wimbo ukianza, maktaba ile huandika kumbukumbu zake na kuomba saa ya sasa, kwa njia ileile ya kizamani, kwenye ubao uleule. Maktaba hiyo haikulijua kufuli langu. Ingelijuaje? Kufuli ni zuri kwa anayeliheshimu. Bafu la ploti yetu lina kufuli, na kila siku kuna mtu anayepanda ukuta.

Nakiri nilichoka. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi na chapati baridi. Karani akaja kuketi kando yangu.

“Ameanza kufunga mizigo,” alisema. “Kitanda ameshapatia mtu. Anauliza nimsaidie kutafuta magunia.”

“Umemwambia tulichokipata?”

“Nimemwambia ni mashine. Akanipigapiga bega akasema najaribu kumtuliza moyo.”

Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia mkaidi, na ukaidi ndio unaonifaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikarudi ndani, nikalitoa kufuli lote, nikaisoma programu ya watu mstari kwa mstari, kila mahali inapoomba saa. Mahali pengine palikuwa pamefichwa katika sehemu za ajabu: kwenye kutaja majina ya faili, kwenye kuandika makosa, kwenye tangazo la siku za kuzaliwa ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Nilikuwa naisema peke yangu kwa sauti, mpaka fundi mitambo wa stesheni akaniuliza kama napigana na mtu.

Dawa ya kweli ni kutoutumia ule ubao wa wote. Kwenye Linux kuna njia nyingine ya kuomba saa, ambapo unakwenda na ubao wako mwenyewe, maktaba inaandika humo, na hakuna mwingine anayeujua ulipo. Watu wa maktaba ya muziki waendelee kufutiana wapendavyo, sisi hatusomi tena pale. Nikaandika kazi moja, yangu, na kila uzi katika programu ukaamriwa upitie hapo tu.

Lakini Windows haiijui njia hiyo kwa jina lile. Inayo ya kwake, na aliyeibuni ni kama alitaka kututesa. Linux hutaka uipe saa kwanza kisha ubao. Windows hutaka ubao kwanza kisha saa. Linux ikifaulu hukurudishia ubao wako, ikishindwa hukurudishia sifuri. Windows ikifaulu ndipo inakurudishia sifuri. Nilikumbuka kugeuza mpangilio, nikasahau kugeuza sifuri. Basi kwenye laptopu ya matangazo ya nje programu ikawa inafaulu kila mara na kila mara inadhani imeshindwa, na kwa kila tangazo ikaandika “saa haijulikani”.

Mtangazaji alipita akaisoma begani mwangu. “Manze,” alisema, “hii sasa ndio inasema ukweli.”

Nilicheka mpaka nikapata nguvu. Nikarekebisha. Hapo kazi yangu moja ikawa na milango miwili ndani yake, wa Linux na wa Windows, na kwa nje ni mlango mmoja ambao nyuzi zote zinaujua. Niliiacha ikizunguka kwenye mashine zote mbili Jumapili yote, tangu watu walipokuwa wakienda ibadani hadi walipokuwa wakirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Jioni nilipekua majibu kutoka juu hadi chini. Hakukuwa na tano. Hakukuwa na saa ya sasa. Kila jibu lilikuwa nane, kwa Linux na kwa Windows.

Jumatatu nilienda Raila na karani. Nilibeba laptopu kuukuu niliyoiwekea Linux pamoja na programu ya zamani, ile yenye kosa, nikabeba na yangu yenye programu mpya. Mjane alitufungulia kwa sababu ya karani. Nyumba ilikuwa imebaki na viti viwili, jiko, na magunia yamefungwa kamba. Ukuta wa mabati ulikuwa mwembamba, redio ya jirani ikisikika kama iko chumbani mwetu. Alitukaribisha chai kwa adabu ya mtu aliyekwisha ondoka kwa moyo.

“Binti, sitaki kukusumbua,” aliniambia. “Huyu dada yangu hakukosea. Mimi najua. Hao ndio waongo.”

“Mama, nipe dakika chache tu. Sitasema sana.”

Niliweka laptopu kuukuu juu ya gunia. Nilikuwa nimefikiria kutumia tangazo la kubuni, lenye jina lisilo la mtu, nikaona hapana, atasema nimelipika. Nikamfungulia lenyewe, la mume wake. Jina lake likatokea, kijiji chake, uwanja wa kanisa, saa nane mchana. Nilikuwa nimepunguza mwendo wa jaribio ili macho ya mtu yaweze kufuata. Tangazo likajifunga na kujifungua, likajifunga na kujifungua, kila mara saa nane. Mjane aliangalia mikono imekunjwa kifuani. Kosa la namna hii haliitiki ukiliita, na nilikuwa nimelibeba mbali likanyamaze mbele ya mtu mmoja niliyetaka alione.

Karani aliacha kunywa chai. Jina la marehemu likawa linakuja na kwenda, linakuja na kwenda, nikaanza kufikiri nimefanya ukatili.

Kisha likatokea: saa tano asubuhi.

Nilibonyeza kusimamisha, likabaki hapo. Mjane aliinama karibu. Alilisoma jina lote, kijiji, uwanja, halafu ile saa. Alinyoosha kidole akaigusa.

“Nani ameandika hiyo?”

“Hakuna mtu, Mama. Hata sasa umeona, hakuna aliyegusa kitu. Mashine ilikuwa ikiandikia saa zote mahali pamoja, moja inafuta nyingine. Dada yako aliandika nane. Mtangazaji aliona tano akasoma tano.” Nikamwonyesha laptopu ya pili, programu mpya, ikizunguka kwa nane tupu. Nadhani hakuiangalia.

“Kwa hivyo redio ilisema saa tano.”

“Ilisema saa tano.”

Alirudi nyuma akaketi. Niliona anazipanga siku zote zile upya, moja baada ya nyingine, kama karani alivyokuwa amenisimulia: waliokuja na uji akawarudisha nao, fundi mwenza wa mume wake aliyesimama mlangoni kofia mkononi, naye mjane akamwuliza mlikuwa wapi, akafunga mlango kabla hajajibiwa. Huyo fundi alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Karani alitaka kumshika mkono. Yeye akauondoa polepole, si kwa ubaya, alihitaji kusimama.

Hakwenda mlangoni. Alizunguka magunia mpaka kwenye ukuta wa mabati, akagonga kwa vifundo vya vidole. Redio ya upande wa pili ikazimwa.

“Ni nani?” sauti ya mwanamume iliuliza.

“Ni mimi.” Akaegemeza paji la uso kwenye bati. “Mlikuja.”

Nikasikia kiti kikivutwa, na mtu akasogea karibu kabisa na ukuta.

“Tulikuja, mama,” alisema. “Tulikuja sisi wote.”